Marehemu Anakunywa Chai

Jumamosi ile, huku juu Mbokomu, kwenye miteremko ya mlima, wazee wawili walitangazwa kufa kabla jua halijatoka, na wote wawili wakanywa chai yao ya asubuhi kama kawaida. Aliyesababisha vifo hivyo alikuwa mwalimu wa muziki, mwanamke mpole ambaye hata akimkanyaga kuku humwambia samahani.

Jina lake Eunike. Alizaliwa Kahe, kule chini kwenye joto, akaolewa na Davis, mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Kwa miaka kadhaa walipanga chumba Rau, hadi mwanzoni mwa mwaka huu walipopanda kuishi na wazazi wa Davis kwenye kihamba chao, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Eunike alikuwa na mtoto mmoja, Kindness, wa darasa la pili, na alikuwa na kazi moja, ambayo siku ya Ijumaa, kabla ya vifo vile, ilianza kuyumba.

Siku hiyo alikuwa mbele ya darasa la pili, katika shule moja ya binafsi kule Kiboriloni, mahali ambapo kelele za wauza mitumba huingia dirishani bila hodi. Watoto walikuwa wameshika rekoda, zile filimbi za plastiki zenye matundu, ambazo mgeni mmoja wa kujitolea aliziacha kwenye boksi alipokuwa anarudi kwao. Kila moja ilikuwa imebandikwa plasta ya kidonda yenye jina la mtoto.

"Tunapulizaje?" Eunike aliuliza.

"Kama tunapoza uji!" darasa zima likajibu.

"Uji wa nani?"

"Uji wa mtoto!"

"Haya, tupoze."

Wakapuliza. Ikatoka sauti kama ya vifaranga waliokanyagwa.

"Anwar," alisema Eunike kwa upole, "huo uji umeumwaga wote. Sasa mtoto atakula nini?"

Darasa likacheka. Anwar, mtoto wa muuza viatu sokoni, akacheka kuliko wote. Rahma, aliyekaa naye dawati moja, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, rekoda yangu ina mate."

"Ya nani?"

"Mengine yangu. Mengine sijui."

Eunike akaichukua, akaikung'uta dirishani, akaifuta, akamrudishia. Kisha akawaimbisha kwanza bila rekoda, mi, re, do, akipandisha na kushusha mkono. Alipoimba, ule woga wake wote ulikwenda likizo. Mtu aliyemsikia akiongea na aliyemsikia akiimba wangebishana kama ni mtu mmoja.

Mi ilikuwa kidole kimoja mbele na kidole gumba nyuma. Re vidole viwili. Do vitatu. Zaidi ya hapo watoto walikuwa hawajafika, kwa hiyo Eunike alitafuta wimbo wa noti tatu tu, na aliupata nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa akiuvumisha puani kila alipokata majani ya ng'ombe. Ulikuwa wimbo wa taratibu, unapanda kidogo, unashuka, unatulia. Eunike hakuuliza ni wimbo gani. Kuuliza kulimpa shida, na wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, akaona yatosha.

Watoto walipoupiga mpaka mwisho bila mtu kumwaga uji, mlango ukafunguliwa. Akaingia mwalimu mkuu, Bwana Filbert, Mchagga wa Machame, ambaye hata siku za joto kali hakuilegeza tai yake.

"Mwalimu Eunike, njoo mara moja."

Wakasimama barazani.

"Wazazi wananiuliza kuhusu Hisabati," alisema Bwana Filbert. "Wananiuliza kuhusu Kiingereza. Sijamsikia hata mmoja anayeuliza kuhusu filimbi. Ijumaa ijayo tunafunga shule. Watoto wako wapige mbele ya wazazi. Wazazi wakifurahi, muziki utaendelea muhula ujao. Wasipofurahi, vile vipindi vinakwenda kwenye Hisabati. Na wewe Hisabati hufundishi."

Eunike alikuwa na maneno mengi ya kusema. Yalifika kooni, yakapanga foleni.

"Sawa, mwalimu mkuu," alisema.

Akarudi darasani, na kwa sababu wiki moja ni fupi, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliwaruhusu watoto kwenda na rekoda nyumbani wakafanye mazoezi. Wengi wao walikaa palepale Kiboriloni. Wawili tu ndio waliopanda Mbokomu: Kindness mwenyewe, na Hellen, mjukuu wa jirani yao.

&nbsp;

"Filimbi haipulizwi ndani ya nyumba hii," alisema Mama Elisifa, mama mkwe wa Eunike, jioni ile, kabla Kindness hajaifikisha mdomoni. "Inaita nyoka."

"Bibi, hii ni ya shule."

"Nyoka atajuaje kuwa ni ya shule?"

Kindness akamtazama mama yake. Eunike akatazama ndizi alizokuwa akimenya. Kwenye kona, karibu na meko, baba mkwe, Babu Ezra, akaguna, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake.

"Mnahangaika na nini?" alisema nyuma ya kiganja. "Hiyo si filimbi. Huo ni mrija wa soda."

Babu Ezra alikuwa na haki ya kudharau. Alipiga tarumbeta katika bendi ya usharika tangu hajaota ndevu. Kisha meno ya mbele yakaanza kulegea, moja baada ya jingine, na mpiga tarumbeta bila meno ya mbele ni kama dereva bila usukani. Akaisukuma tarumbeta chini ya kitanda. Vijana wa bendi wakanunua kinanda cha umeme. Davis alipotaka kumpeleka mjini akawekewe meno ya bandia, alijibu kuwa hawezi kutafuna chakula chake kwa meno ya dukani. Tangu hapo alikaa kwenye ile kona na kiganja chake, akiongea kidogo, na kila alichokisema kilikuwa cha kulalamika.

"Mtoto atafanyia wapi mazoezi, Mama?" Eunike aliuliza, kwa sauti ambayo moto wa kuni uliishinda.

"Kihambani. Mbali kule, karibu na mfereji. Asubuhi, nyoka wakiwa bado wana baridi."

&nbsp;

Kindness alikuwa mtoto mtiifu. Aliamka kukiwa bado na ukungu, akapita kati ya migomba hadi kwenye mfereji, akasimama juu ya jiwe, akaanza kupoza uji.

Alipiga vizuri sana. Taratibu, kwa pumzi ndogo, mi, re, do, na ukungu ukaibeba sauti ile mpaka kwa jirani, Mama Magdalena, aliyekuwa anakamua ng'ombe.

Mama Magdalena akaachia chuchu.

Hapa lazima isemwe jambo ambalo kila mtu wa pale alilijua isipokuwa Eunike. Kwa miaka mingi, mtu akifa katika kitongoji kile, Babu Ezra aliamka alfajiri, akasimama kwenye kihamba chake, akapiga kwa tarumbeta wimbo mmoja wa noti tatu, akaurudia na kuurudia. Waliousikia hawakuhitaji kuambiwa. Walichukua ndizi, maziwa na kuni, wakaenda kuuliza ni nyumba gani. Tangu meno yalipoondoka wimbo ule haukusikika tena. Sasa watu walitangaziana misiba kwa simu.

Mama Magdalena akapiga hesabu. Wimbo unatoka kwa Ezra. Lakini unapigwa kinyonge, kwa hiyo si Ezra anayepiga. Kama wimbo wa msiba unapigwa kwa Ezra na si Ezra anayepiga, basi aliyekufa ni Ezra. Hesabu haikuwa na kosa hata moja.

"Mayoo!" alilia, na ndoo ya maziwa ikapinduka.

Eunike alipotoka nje kuwasha moto alikuta uwanja unajaa. Wanawake walikuwa wanatua mikungu ya ndizi. Wanaume wawili walikuwa wameanza kukata migomba ili kupata nafasi ya kukaa watu. Kijana mmoja alikuwa amebeba nguzo za turubai begani. Kabla Eunike hajafungua mdomo, Mama Magdalena akamvamia na kumkumbatia.

"Pole, mwanangu! Pole sana, Mama Kindness!"

Sasa, Eunike kwao Kahe alifundishwa kwamba ukipewa pole unasema asante. Na alikuwa mtu asiyependa kumpinga mkubwa wake.

"Asante, Mama," alisema.

Basi, msiba ukathibitika. Kilio kikapanda. Mwenye simu akashika simu, na habari ikaingia kwenye kundi la ukoo, ikaenda Dar es Salaam, ikaenda Arusha, ikapanda na mlimani.

Ndani, Babu Ezra alikuwa macho kitandani. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na wanaume wawili wazee walikuwa wamekaa chini yake.

"Alikuwa anajua kupuliza," alisema mmoja.

"Alijua," alisema mwenzake. "Ila pombe yake ya mbege ulikuwa huionji."

"Marehemu hasemwi."

"Simsemi. Nasema habari za mbege."

Mlango ukafunguka. Babu Ezra akatoka na blanketi begani na kikombe cha chai mkononi. Kelele zikakatika, na vilio vikabaki nusu midomoni mwa watu.

"Nani," aliuliza Babu Ezra, "amesema mimi ni mchoyo?"

Papo hapo, kutoka upande wa pili wa mfereji, ikasikika tena: mi, re, do. Taratibu. Ilikuwa inatoka kwa Mama Magdalena. Hellen naye alikuwa ameamka.

"Jamani!" alipiga kelele Mama Magdalena. "Mume wangu!"

Akakimbia, na nusu ya waombolezaji wakakimbia naye. Walimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda, anachovya kiazi kwenye chai, akimsifu mjukuu wake.

&nbsp;

Vitu vilivyoletwa msibani havirudishwi nyumbani. Kwa hiyo zile ndizi zilipikwa mtori, na watu wakala, kwanza kwa aibu, baadaye kwa kicheko. Babu Ezra alikula mtori wa msiba wake bakuli mbili, akitazama nani amekuja na nani hajaja.

Eunike alijificha jikoni. Kila mtu aliyeingia kuchukua sahani alikuwa na neno.

"Mwalimu, safari ijayo utatuulia nani? Mimi nina shemeji yangu, naomba muanze naye."

"Mwalimu, uwe unatuambia mapema, maana leo nilitaka kwenda sokoni."

Alijaribu kucheka. Mama Elisifa, aliyekuwa anakoroga chungu, hakumsemesha mpaka wakabaki wawili.

"Ule wimbo uliutoa wapi?"

"Kwako, Mama. Ukikata majani."

Mwiko ukasimama. "Kwangu," alisema Mama Elisifa. "Kumbe nimemwua mume wangu mwenyewe." Akaendelea kukoroga, na mabega yake yakatikisika kidogo, Eunike hakujua kama ni kicheko au ni moshi.

Kicheko kiliisha jioni, Davis alipofika. Alikuwa ameipata habari Horombo, kambi ya huko juu mlimani, akiwa anakaanga mayai ya wageni. Aliliacha karai jikoni, akashuka mlima wote kwa miguu, akaingia uwanjani na matope mpaka magotini, macho yamevimba. Akamkuta baba yake anachokonoa ufizi kwa kijiti.

Alimkumbatia muda mrefu. Kisha akakaa chini, akavua buti.

"Wamemweka mwingine nafasi yangu," alisema. "Kampuni haiwezi kungoja. Safari hii imekwenda, na bahashishi yake imekwenda. Nyingine sijui lini, mabosi hawapendi mpishi anayetelekeza wageni."

Hapo ndipo Eunike alipoelewa kuwa mwezi huu, na pengine unaofuata, nyumba nzima itakula mshahara wa rekoda.

Davis akamtazama mkewe. Hakuwa mtu wa hasira.

"Mama Kindness," alisema, "mimi miaka yote nilidhani mwenye kazi ya hatari hapa ni mimi."

&nbsp;

Jumatatu asubuhi, Mama Elisifa alimsubiri Eunike mlangoni. Mkononi alikuwa na jani la isale, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba, ambalo Mchagga akiletewa na mtu anayeomba msamaha hawezi kukataa.

"Wazazi wameshampigia mwalimu wako mkuu," alisema. "Najua, maana Magdalena ni mmojawapo. Wewe maneno huna, mwanangu. Nenda na hili, lina maneno ya kutosha."

Bwana Filbert alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, tai imebana.

"Mwalimu Eunike, nimeambiwa tunafundisha watoto kuzika watu. Nimeshaamua. Kipindi cha muziki..."

Eunike akaweka jani juu ya meza, katikati ya kompyuta na kikombe.

Bwana Filbert akalitazama. Akalitazama tena kwa jicho moja, kama mtu anayetumaini ni mchicha.

"Mwalimu, hii ni ofisi," alisema. "Kuna kompyuta hapa."

Eunike alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi nina shahada, Mwalimu Eunike. Mambo haya ya majani..." Akanyoosha kidole alisogeze, kidole kikakataa kuligusa. Akashusha pumzi, akakaa. Akalegeza tai. "Nani amekufundisha hili? Wewe si wa Kahe?"

"Mama mkwe."

"Nilijua. Haya. Ijumaa watapiga. Lakini ule wimbo wa taratibu sitaki kuusikia hapa. Nimeeleweka?"

"Hawajui mwingine, mwalimu mkuu."

"Basi wafundishe."

Aliwafundisha Jumatatu. Aliwafundisha Jumanne. Aliwaimbia wimbo mpya wa sungura, wakauimba vizuri, wakaruka nao. Lakini wakishika rekoda tu, vidole vyao vilitafuta njia ya zamani kama mbuzi anayerudi zizini. Rahma alilia. Anwar alisema kuwa rekoda yake ndiyo isiyoujua wimbo, yeye anaujua.

&nbsp;

Jumanne jioni Eunike alikaa jikoni akimenya ndizi, na machozi yakawa yanadondokea kwenye sufuria. Mama Elisifa akaisogeza sufuria kidogo.

"Chumvi nimeshaweka," alisema. "Sema kuna nini."

Akasema. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale alisema maneno mengi mfululizo: Ijumaa, wazazi, Hisabati, vidole vya watoto. Davis alikuwa mlangoni akisikiliza. Eunike alipomaliza, sauti ikatoka kwenye kona.

"Uharakisheni."

Wote wakageuka. Babu Ezra alikuwa ameshusha kiganja.

"Wimbo ni uleule," alisema. "Uharakisheni. Mjukuu wangu, lete huo mrija wa soda."

Kindness akampa. Babu Ezra akaupachika mdomoni, akajaza mashavu, akapuliza kama alivyopuliza tarumbeta miaka yote ile. Ikatoka sauti iliyomfanya ng'ombe zizini aitikie.

"Babu!" Kindness akaziba masikio. "Unapoza uji, hufukuzi nyani!"

"Nipoze vipi?"

"Hivi. Pole pole. Uji wa mtoto."

Mzee akajaribu tena. Nyani wakakimbia tena. Mara ya tatu, ikatoka mi moja nyembamba, yenye kutetemeka, lakini mi. Babu Ezra akaitoa rekoda mdomoni, akaitazama.

"Haitaki meno," alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

"Haitaki, Babu. Hata mimi nina pengo," Kindness akamwonyesha.

Kisha mzee akachukua kijiko, akaanza kugonga kikombe: ka-ka-ka, ka-ka-ka. "Haya, mjukuu, nifuate. Usinipoteze."

Kindness akafuata. Mi-mi-re, mi-mi-re-do. Noti zilezile tatu, lakini sasa zilikuwa zinakimbia, zinarukaruka, zinageuka na kurudi. Mguu wa Davis ukaanza kucheza wenyewe mlangoni. Eunike akaacha kisu.

Mama Elisifa naye aliacha kisu, lakini si kwa furaha.

"Ezra," alisema. "Huo naujua. Huo ulipigwa tulipotoka kanisani."

"Ndiyo."

"Siku ya harusi yetu."

"Ndiyo, Mama Davis."

"Nilitembea nao mpaka nyumbani. Nilikuwa na shela."

Babu Ezra akakohoa. "Bendi ilikuwa changa. Nyimbo nyingine zilikuwa na noti nyingi. Wa msiba tukiukimbiza unakuwa wa harusi, na hakuna mtu amewahi kugundua. Hata mchungaji."

"Kwa hiyo mlinizika!"

"Tulikuzika kwa mwendo wa haraka," alisema Babu Ezra, na akacheka, ufizi wote nje.

Mama Elisifa hakumsemesha usiku ule. Lakini Eunike alimsikia chumbani, akicheka ndani ya khanga.

&nbsp;

Jumatano na Alhamisi Babu Ezra alishuka Kiboriloni na ngoma ndogo ya Shule ya Jumapili, akakaa kwenye dawati la nyuma na kuwagongea mwendo. Watoto walimpenda kwa sababu alikuwa anakosea kuliko wao. Kila alipojaribu rekoda, Anwar alimwambia kwa huruma, "Babu, umemwaga." Hata hivyo, kufikia Alhamisi mchana wimbo ulikuwa unakimbia bila kujikwaa. Bwana Filbert alipita barazani, akasikiliza, hakuutambua. Akasema tu kuwa ngoma ina kelele mno, kesho isiwepo. Wageni wa heshima watakuwepo.

Ijumaa uwanja ulijaa. Wauza mitumba walifunga meza zao mapema. Watu wa Mbokomu walikaa pamoja, mstari wa mbele, Mama Magdalena na mumewe aliyefufuka wakiwa katikati. Babu Ezra alikaa kati ya mkewe na Davis, mikono mitupu.

Darasa la pili wakapanga mstari. Eunike akainua mikono, akaanza kuwaongoza.

Walianza vizuri, kwa mwendo. Mi-mi-re, mi-mi-re-do. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi. Kisha Rahma akainua macho, akaona watu wote wale wanamtazama yeye. Pumzi ikapungua. Hellen akamfuata Rahma, Kindness akamfuata Hellen. Mikono ya Eunike ilikuwa inakimbia lakini hakuna aliyeitazama. Wimbo ukapoa, ukapoa zaidi, na hatimaye ukawa ule ule wa kwenye ukungu.

Mi. Re. Do.

Mama Magdalena akasimama. Hakutaka, miguu ndiyo iliyosimama. Mumewe akavua kofia, akasimama. Mstari mzima wa Mbokomu ukasimama, vichwa vimeinama. Watu wa mjini, walipowaona wazee wanasimama kwa heshima, wakadhani ndio utaratibu, nao wakasimama. Bwana Filbert akatazama huku na huku, akasimama, akafunga kifungo cha koti.

Eunike alimwona. Aliiona Hisabati inakuja kuchukua vipindi vyake, aliona buti za Davis zimening'inia ukutani. Alitaka kupaza sauti, kuwaambia watoto wakimbie. Maneno yakafika kooni, yakapanga foleni kama siku zote.

Basi akaimba.

"Uji umepoa, uji umepoa! Leta kikombe, uji umepoa!"

Aliimba kwa mwendo wa kijiko cha Babu Ezra, kwa sauti ambayo ilivuka uwanja ikafika barabarani, na bodaboda wakageuka kutazama. Maneno yalikuja yenyewe. Watoto wakashtuka. Mwalimu wao aliyekuwa ananong'ona! Anwar akaweka rekoda kwapani, akaimba naye. Kindness akashika rekoda, akaukimbilia wimbo, akaufikia, na wengine wakamfuata.

Kwenye mstari wa mbele, marehemu alikuwa wa kwanza kutoka. Babu Ezra aliingia katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akacheza, mdomo wazi, ufizi unang'aa juani, hana habari na kiganja. Mama Elisifa akapiga vigelegele kama mtu aliyesubiri tangu siku ya shela. Davis akaokota kiti, akakifanya ngoma.

Mama Magdalena alikuwa bado amesimama, kichwa chini, hajui afanye nini.

"Kaa, mama," mumewe alimnong'oneza.

"Nikae?" alisema. "Nimeshapata taabu ya kusimama." Na akaingia kucheza.

&nbsp;

Watu walipoanza kutawanyika, Bwana Filbert alimfuata Eunike aliyekuwa anakusanya rekoda kwenye ndoo ya maji ya moto. Shati lilikuwa limemlowa jasho. Tai haikuwepo, alikuwa ameifunga mkononi wakati wa kucheza, akasahau.

"Wazazi wananiuliza kuhusu filimbi," alisema. "Wawili wameuliza. Mmoja anataka mtoto wake wa darasa la kwanza naye aanze."

"Ndiyo, mwalimu mkuu."

"Muziki utaendelea. Ila muhula ujao, Mwalimu, nakuomba sana, wafundishe wimbo wa pili."

"Sawa, mwalimu mkuu."

"Na lile jani lako uje ulichukue. Siku zote hizi nashindwa kufungua kompyuta."

&nbsp;

Davis hajapata safari nyingine. Anashinda kihambani akipalilia kahawa na kusubiri simu, na chakula cha nyumba bado kinatoka kwenye kile kipindi cha kupoza uji. Likizo imeanza. Babu Ezra ameomba aazimwe rekoda moja, na ameibandika plasta yenye jina lake. Kwa kuwa ndani ya nyumba kuna habari za nyoka, yeye na Kindness huenda mferejini asubuhi, kukiwa bado na ukungu, wakasimama juu ya jiwe moja. Mzee bado anamwaga. Na akijitahidi asimwage, anapiga taratibu mno.

Hapo ndipo sauti ya Mama Magdalena hutoka upande wa pili, kutoka chini ya ng'ombe wake.

"Hodi huko! Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna!" hujibu Kindness.

"Basi kimbizeni!"